Utalii wa Mombasa Unaanzia Kwenye Hati ya Nyumba

Kila wakubwa wanapokutana kuzungumzia uwekezaji wa utalii Pwani, ramani inayotandazwa mezani ni ile ile. Inaonyesha viwanja vya ufuoni: ekari kadhaa Shanzu, nyingine Kikambala, nyingine Diani au Kilifi, kila kimoja kimezungushiwa mstari mwekundu na kuandikwa ukubwa wake na umbali wake kutoka uwanja wa ndege wa Moi. Mwekezaji anayetafutwa naye anajulikana kabla hajafika. Ana fedha nyingi, anatoka mbali, na atajenga hoteli ya vyumba mia mbili au mia tatu inayotazama bahari. Mimi nimezaliwa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, nimefanya kazi mapokezi katika hoteli za ufuoni miaka mingi, na nasema bila kuzunguka kwamba ramani hiyo imeacha nje sehemu kubwa ya utajiri wetu: mji wenyewe na nyumba zake za kale.

Sina ugomvi na hoteli kubwa. Hoteli ya kwanza ya ufuoni kwetu, Nyali Beach, ilifunguliwa 1946, na tangu ndege za kukodi kutoka Ujerumani, Uswisi, Italia na Uingereza zilipoanza kumiminika, hoteli zimelea Pwani nzima. Babangu alikuwa mpishi Bamburi, kwa hiyo mshahara wa hoteli ulinisomesha mimi kabla haujanilipa. Nimeona vijana wa Kisauni na Mtwapa wakijifunza Kijerumani na Kiitaliano ufuoni, bila darasa wala kitabu, hadi wakawa wanatania wageni kwa lahaja za kwao. Nimeona wavuvi wakileta kamba na pweza mlango wa nyuma wa jikoni alfajiri, wakaondoka na pesa taslimu. Anayebeza kazi hizi hajawahi kukaa katika mtaa ambao hoteli zake zimefungwa.

Lakini ukikaa mapokezi unaona jinsi safari ya mgeni inavyopangwa, na pesa zake zinapita wapi. Mgeni wa mpango wa kulipia kila kitu hulipa kwao, kabla hajapanda ndege: nauli, chumba, vyakula vitatu, vinywaji, pengine hata kiti cha kulalia ufuoni. Akifika tunamfunga bangili ya plastiki mkononi, na kuanzia hapo hana haja ya kutoa shilingi. Siku moja katika wiki mbili alizonazo huwa ya ziara ya mji. Basi linaondoka saa mbili asubuhi. Wanasimama Changamwe kwa wachongaji wa Kikamba, wanapiga picha chini ya sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue, wanazunguka Fort Jesus, wanapitishwa Ndia Kuu kwa miguu, kisha wanarudishwa mbio kwa sababu saa saba lazima wawe mezani. Chakula cha mchana kimeshalipiwa. Mji ulionuka pilau na kahawa tangu asubuhi, wao wamekula tambi hotelini.

Na utalii wa namna hii huvunjika kwa pigo moja. Ulivunjika 1997 baada ya ghasia za Likoni. Ukavunjika tena Novemba 2002, hoteli ya Kikambala iliposhambuliwa kwa bomu, na baada ya uchaguzi wa 2007. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake wasije Mombasa, na wageni waliokuwa tayari wako kwetu wakachukuliwa kwa ndege likizo zao zikiwa nusu. Niliwaona wakishuka na mabegi, wengine wakilia kwa sababu hawakutaka kuondoka. Waliokuwa na mkataba wa msimu waliambiwa wakae nyumbani wasubiri simu. Wengi hawakupigiwa. Mwaka 2020 korona ilipokuja, hata ule uzi wa kusubiri simu ukakatika. Mara zote uamuzi ulifanywa mbali: ofisini London au Berlin, katika kampuni ya safari ambayo mwenyewe hajawahi kukanyaga Marikiti, soko letu la mjini.

Aliyetuokoa baada ya kila pigo ni Mkenya mwenzetu. Tangu Madaraka Express ilipoanza 2017, mtu wa Nairobi anapanda treni asubuhi na mchana yuko Miritini. Desemba na Pasaka wanajaa. Huyu mgeni ana tabia tofauti, na watu wa hoteli walichelewa kuisoma. Anakodi nyumba Nyali au Bamburi pamoja na ndugu zake, anatafuta mpishi wa kukodi amtengenezee biriani na samaki wa kupaka, anaenda mwenyewe Marikiti kununua iliki na mdalasini, jioni anashuka Mama Ngina kula viazi karai na mihogo. Anakuja kuutafuta mji. Bahari anaiona, anaogelea Jomo Kenyatta pale tunapopaita Pirates, lakini anachosimulia akirudi kwao ni chakula, ni lugha, ni harusi aliyobahatika kualikwa.

Mji wenyewe ndio ninaotaka kuuzungumzia. Ibn Battuta alipita Mombasa 1331 akasifu uchaji wa watu wake na misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Msikiti wa Mandhry unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1570 unaswaliwa hadi leo. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kuanzia 1593 hadi 1596, ikazingirwa na Waomani kuanzia 1696 na kutekwa 1698, ikawa jela ya Waingereza, na tangu 2011 imo katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO. Muyaka bin Haji aliishi hapa akatunga mashairi ya vita na ya mapenzi ambayo wazee wetu bado wanayanukuu barazani. Hivi vyote vimo ndani ya umbali wa kutembea kwa miguu, na watu wanaishi humo: wanapika, wanaozesha, wanaswalia maiti, wanagombana juu ya maji.

Siku ambazo meli ya watalii imetia nanga Kilindini, nenda ukakae kwenye baraza yoyote ya Ndia Kuu utazame. Nilikaa mimi siku moja karibu na muuza kahawa. Kundi la wazee wa Kizungu lilikuja na mwongozaji wao, kofia pana na viatu vya kutembea mlimani. Mama mmoja alisimama mbele ya mlango wa nakshi, akapitisha vidole kwenye maua yaliyochongwa juu ya kizingiti, akauliza kama anaweza kuona ndani. Mwongozaji akamwambia haiwezekani, watu wanaishi humo. Akarudi nyuma kidogo, akatazama roshani iliyoinama juu ya njia, akauliza tena kama kuna nyumba yoyote ya aina ile ambayo mtu anaweza kulala usiku mmoja. Mwongozaji alifikiri, akataja hoteli ya Nyali. Mama akanunua kikombe cha kahawa chungu kutoka kwenye dele na kipande cha kashata. Baada ya dakika chache kundi zima lilikuwa limepinda kona, wakawahi basi.

Kikombe kimoja cha kahawa. Mtu ametoka upande wa pili wa dunia, ana pesa, ana hamu, ameuliza mara mbili, na mtaa mzima haukuwa na cha kumuuzia zaidi ya kikombe cha kahawa. Nililala na jambo hilo.

Ndani ya ule mlango ningemwonyesha nini? Daka la kupokelea wageni lenye viti vya mawe pande mbili. Kuta za matumbawe zenye unene wa mkono mzima, zilizopigwa chokaa, ambazo mchana wa Februari zinakupa ubaridi bila mashine. Dari ya boriti za mikoko zilizopangwa kwa karibu, nyingine bado zina alama za rangi nyekundu na nyeusi. Ua wa katikati wenye kisima kilichofunikwa. Juu, dari ya makuti au paa la kuanikia nguo linalotazama Bandari ya Kale na majahazi. Nyumba za namna hii zipo nyingi Mji wa Kale, na serikali iliutangaza mtaa kuwa eneo la hifadhi tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Lakini tangazo halizibi paa. Jumba la Beit el Ajaib la Unguja, katika mji ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha mwaka 2000, liliporomoka sehemu Desemba 2020. Umaarufu wa mji mzima haukulisaidia.

Hapa kwetu kinachoua nyumba ni maji ya mvua na saruji. Matumbawe yanapumua, unyevu unaingia na kutoka, na chokaa inauachia upite. Mtu akiona ukuta unamomonyoka, anamwita fundi wa kawaida, fundi anapiga plasta ya saruji kwa sababu ndiyo anayoijua na ndiyo rahisi. Ukuta unapendeza mwaka mmoja. Chumvi na unyevu vinakwama nyuma ya saruji, mawe yanalainika, na siku moja plasta inabanduka na nusu ya ukuta. Mafundi wa chokaa wanaojua kuichoma, kuiloweka na kuiacha ikae kabla ya kuitumia wanazeeka, na vijana hawawafuati kwa sababu kazi haipo. Kazi haipo kwa sababu wenye nyumba hawana pesa. Na wenye nyumba hawana pesa kwa sababu nitakayoeleza sasa.

Ami yangu ana nyumba Mji wa Kale, orofa mbili, nyuma yake bahari. Alipostaafu bandarini alikuwa na mpango ambao kila mtu aliyeusikia aliupenda: vyumba vinne vya wageni juu, yeye na mkewe chini, chakula cha Kiswahili jikoni kwa mkewe, ambaye mkate wake wa sinia unatafutwa hadi Tudor. Alihitaji kama milioni mbili na nusu kutengeneza paa, kubadilisha boriti zilizooza na kuweka vyoo vya juu. Akaenda benki. Nilimsindikiza.

"Shikamoo mzee," afisa wa mikopo alisema, kijana mwenye adabu. "Mpango nimeusoma, ni mzuri. Ila hati hii jina si lako."

"Ni la babangu. Amefariki siku nyingi. Mimi ndiye mkubwa."

"Ameacha warithi wangapi, mzee?"

Ami akaanza kuhesabu kwa vidole. Ndugu zake wawili, mmoja yuko Muscat. Dada yake wa Lamu, wa mama mwingine. Watoto wa ndugu yake aliyefariki, na hao tayari wana watoto. Alipofika kwenye mkono wa pili akaacha.

"Wote hao lazima wakubali na watie sahihi," kijana alisema. "Bila hivyo nyumba haiwezi kuwa dhamana."

"Mwanangu, wengine hata mimi nimewaona kwenye simu tu."

Kijana hakuwa na kosa. Sheria inamtaka aone jina. Lakini hesabu ya nyumba za Mji wa Kale zilizo katika hali hiyo hiyo ndiyo ramani ambayo ningependa ionekane kwenye mikutano ya wawekezaji. Nyumba iko kwa jina la marehemu wa miaka ya 1950 au 1960. Mirathi haijagawanywa, kwa sababu kugawanya nyumba moja kati ya warithi ishirini ni kuiuza, na hakuna anayetaka kuwa yule aliyeuza nyumba ya babu. Nyingine ni wakfu, na msimamizi wa wakfu anakusanya kodi ndogo isiyotosha hata kupaka chokaa. Ile iliyokubaliwa kuuzwa huchukuliwa na mwenye pesa, akaivunja na kusimamisha jengo la ghorofa la vyumba vya kupanga, madirisha ya alumini na matangi ya plastiki juu.

Ukitoka Mji wa Kale jambo linakuwa gumu zaidi. Mombasa tuna mtindo ambao mgeni anashangaa akiusikia, wa nyumba bila ardhi. Mtu anajenga nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi wa katikati, anaiuza, anairithisha, lakini kiwanja chini yake ni cha mwingine, anayelipwa kodi ya ardhi kila mwezi. Majengo, Kisauni, Likoni, mitaa mizima iko hivyo. Chanzo chake kinafika mbali. Waingereza walipotunga sheria ya hati za ardhi ya Pwani mwaka 1908, kila mwenye dai alitakiwa afike mbele ya msajili na kulithibitisha. Waliokuwa mjini, wanaojua kuandika, wenye mashahidi na wanasheria, walipata hati. Wamijikenda wengi waliokuwa wakilima na kuzika wafu wao katika ardhi ile hawakupata, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji la Uingereza. Zaidi ya miaka mia moja imepita na bado mama wa Kisauni mwenye nyumba nzuri, karibu na ufuo, anayeweza kupokea familia mbili za kutoka Nakuru kila Desemba, hawezi kuweka choo cha ndani kwa sababu mwenye kiwanja anaweza kumwambia ahame.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa uwekezaji wanalipita haraka. Hata ami angekuwa na hati safi, mkopo wa riba asingeuchukua. Sehemu kubwa ya Waislamu wa Pwani ni hivyo, na si ushamba wala kutojua hesabu. Tangu 2008 Kenya ina benki zinazofuata sharia, ambazo badala ya kukopesha kwa riba hushirikiana na mteja au hununua kitu na kumuuzia kwa faida iliyotajwa wazi. Ushirika wa aina ya musharaka ungefaa sana nyumba za wageni: benki inaweka pesa za ukarabati, mwenyeji anaweka nyumba na kazi, faida inagawanywa kwa kiwango walichokubaliana, na hasara ni ya wote. Lakini nao wanataka kuona hati. Kwa hiyo tunarudi pale pale, kwenye jina la marehemu.

Kwamba jambo hili linawezekana, sihitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano. Vuka Likoni ushuke kusini. Gazi, wanawake wa kijiji walijenga njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, mgeni anatembea juu ya maji akionyeshwa mkoko mmoja baada ya mwingine, kisha anapikiwa. Katika kijiji hicho hicho mradi wa Mikoko Pamoja ulianza 2013, ukawa wa kwanza duniani ambapo jamii inalipwa kwa ajili ya hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko. Ni hekta 117 tu, lakini pesa zake zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule, na mwaka 2017 ulitunukiwa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Ukivuka hadi kisiwa cha Wasini unakuta tena njia ya mbao ya wanawake, hii ikipita juu ya bustani ya matumbawe yaliyoinuka kutoka baharini, na mapato yake wanayasimamia wenyewe.

Halafu nenda Kaya Kinondo, karibu na Diani. Misitu ya kaya za Wamijikenda, yaani misitu mitakatifu ya mababu zao, ilianza kutangazwa turathi za taifa 1992, na mwaka 2008 kaya kumi na moja ziliingia kwenye orodha ya UNESCO. Kinondo wazee walikubali kupokea wageni kwa masharti yao. Unafungwa kaniki nyeusi kiunoni. Huvunji hata kijiti, huokoti jani, hakuna kubusiana wala kelele. Mwongozaji, kijana wa Kidigo, anakuonyesha mti wa kutibu homa na mti ambao hutakiwi kuuliza habari zake, na sehemu ambazo hamfiki anakuambia kwamba hamfiki. Nimewahi kuwapeleka wageni waliokuwa wamechoshwa na kila kitu, na wakatoka humo wamenyamaza, wakawa wanaongea juu ya msitu huo hadi siku ya kuondoka. Masharti hayakuwafukuza. Yaliwafanya wajue kwamba wamefika mahali penye wenyewe.

Kinachounganisha Gazi na Kinondo ni haki iliyoandikwa. Watu wa Gazi wana mkataba wa kusimamia msitu pamoja na Shirika la Misitu. Wazee wa Kinondo wana tangazo la serikali linalosema msitu huu haukatwi. Juu ya karatasi hizo wafadhili walikuja, wageni wakaja, pesa zikaja. Haki hiyo ilipokosekana au kupuuzwa, tuliona matokeo: Kisiwa cha Chale, kaya ya Wadigo, kilijengwa hoteli miaka ya 1990 wazee wakipinga, na sehemu za kaya za Diani na Tiwi zilikatwa viwanja. Mwekezaji alipatikana, ndiyo. Msitu ukapungua.

Najua hofu ya watu wa mtaani kwetu, kwa sababu nami ninayo. Wanasema ukiwapa hati tu watauza. Wanatolea mfano Shela, Lamu, ambako nyumba nyingi za kale zilinunuliwa na Wazungu na kutengenezwa kwa uzuri usio na kifani, na wenyeji wengi sasa wanaingia humo kama wapishi na walinzi. Nimezitembelea. Ukarabati ni wa hali ya juu, chokaa halisi, nakshi halisi. Lakini usiku mitaa mingine ina giza kwa sababu mwenye nyumba yuko Paris hadi Krismasi. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inamzuia asiye raia kumiliki ardhi zaidi ya miaka 99 ya kukodi, na hilo ni zuri, ila halimzuii mrithi mwenye shida kuuza kwa bei ya kutupa.

Ndiyo maana naamini katika kampuni ya familia. Badala ya kugawanya matofali, warithi wanagawana hisa. Nyumba inasajiliwa kwa jina la kampuni, na kila mrithi anapata hisa kwa kadiri ya fungu lake katika mirathi: mjane thumuni yake, mtoto wa kiume mara mbili ya wa kike, kama Kadhi atakavyoamua. Anayeishi na kuendesha nyumba analipwa mshahara kwanza, kisha faida inagawanywa. Mwenye shida anauza hisa zake, na ndugu zake wana haki ya kwanza kuzinunua. Ndugu wa Muscat, ambaye leo anatuma pesa za arusi na matanga, anakuwa mwekezaji, na ninakuhakikishia kwamba watu wetu walioko Ghuba wana pesa za kutosha kutengeneza mapaa mengi ya Mji wa Kale. Hawajaulizwa. Wao pia ni wawekezaji kutoka mbali, lakini hakuna aliyewaandalia mkutano.

Serikali ina la kufanya, na halihitaji mabilioni. Shirika la fedha za utalii, ambalo zamani tuliliita KTDC, kazi yake ni kukopesha biashara za utalii. Liweke dirisha la nyumba za matumbawe, kwa masharti ya chokaa na boriti, na kwa njia isiyo na riba. Kaunti iweke chini ya dari moja, hata kwa miezi michache, karani wa mahakama ya Kadhi, mtu wa ofisi ya ardhi, mpima na mtu wa Makumbusho, hapo hapo Mji wa Kale, ili mzee asipande matatu nne kwa sahihi nne. Leseni za nyumba ya vyumba vinne zisifanane na za hoteli ya vyumba mia. Leo mtu mwenye vitanda sita anatakiwa kibali cha biashara, cha afya, cha zimamoto, cha utalii, na hata cha muziki ikiwa ana redio ukumbini.

Na maji. Nitasema kwa ufupi kwa sababu kila mtu wa Mombasa anajua. Tunategemea mabomba ya zamani kutoka Mzima na Baricho, na mifereji inayotakiwa kupeleka maji machafu kwenye mitambo ya kusafisha, mingi inayapeleka baharini. Hoteli kubwa huchimba kisima chake au hununua maji kwa malori. Nyumba ya ami haiwezi. Mwekezaji yeyote mwenye akili, awe wa Dubai au wa Kibokoni, ataanza kuuliza maji kabla ya kuuliza mandhari.

Kwa wasomaji wenye nyumba ya babu iliyo kwa jina la babu, msisubiri serikali. Anzeni na cheti cha kifo. Kama hakikuchukuliwa wakati ule, kuna njia ya usajili wa kuchelewa, inachosha lakini ipo. Nendeni ofisi ya ardhi mkafanye upekuzi wa hati, mjue kama kuna deni la kodi au kizuizi ambacho hamkijui. Familia nyingi zinagundua hapo kwamba kiwanja si cha ukubwa walioudhania. Andikeni orodha ya warithi wote, pamoja na wale ambao hamsemezani nao, kwa sababu mmoja aliyeachwa anaweza kubatilisha kila kitu baadaye. Chukueni barua ya chifu, kisha mahakama ya Kadhi, au mahakama ya kawaida kwa wasio Waislamu. Walioko nje watume hati ya uwakilishi iliyothibitishwa na ubalozi. Wakati mnasubiri, msiruhusu mtu apige saruji juu ya ukuta wa matumbawe. Zibeni paa tu, hata kwa mabati ya muda, maji yasiingie.

Ami alianza mwaka jana. Sahihi ya Muscat imeshafika. Shangazi wa Lamu amekubali hisa badala ya pesa, ila anataka chumba kimoja cha juu kiwe chake kila Maulidi, na wote wameona ni haki yake. Imebaki sahihi za watoto wa marehemu ami mdogo, ambao tutawafuata Malindi baada ya Idi.